Pita, Chumba Ni Chako

Jumamosi ile ilianza vizuri tu. Kulikuwa na chai, jua la asubuhi, redio ya jirani ikipiga kelele upande wa pili wa ukuta, na Sista alikuwa nyumbani na mapumziko ya siku mbili aliyoyagombania wiki nzima. Sista ni muuguzi. Wadi yake ina vitanda arobaini na wagonjwa hamsini, wote wanamwita Sista, na mtaani nako ni Sista, mpaka jina lake lenyewe limebaki kwenye makaratasi. Mumewe ni fundi wa vigae. Huyo wanamwita Pima-maji, kwa sababu hatoki nje bila ile pima-maji yake fupi mfukoni, yenye povu la hewa katikati. Akiingia nyumba ya watu, hata kabla ya salamu, utamwona anakagua sakafu.

Kilichoharibu Jumamosi hiyo ni chumba.

Chumba kilijengwa nyuma ya nyumba kwa ajili ya mama yake Sista. Mama alipata kiharusi miezi minane iliyopita. Mkono wa kulia ulikufa kabisa, mguu ukawa wa kuburuza, ulimi mzito, ila akili timamu. Alikuwa anakaa kwa kaka mkubwa wa Sista, na huko mke wa kaka alikuwa akimtoa kibarazani asubuhi na kumsahau mpaka jioni kama nguo kwenye kamba. Kila Sista alipokwenda kumwona alikuta shuka lile lile. Akalia kwa mumewe, na Pima-maji, haki yake apewe, akajenga. Aliweka vigae visivyoteleza, akaondoa kizingiti ili kiti cha magurudumu kipite. Sista akawa anahesabu siku. Halafu, ikiwa imebaki wiki moja mama ahamie, mume akakohoa mezani, akasema kuna kitu anataka kukiweka mle chumbani kwa muda.

"Kitu gani?"

"Pinboli."

Sista alidhani ni ugonjwa. Akaelezwa. Ni ile meza ya mchezo, ndefu kama kitanda cha mtoto, yenye kioo juu na taa za rangi. Unarusha gololi ya chuma, inagongagonga huko ndani, nawe unaizuia kwa vijikono viwili isitumbukie shimoni. Pima-maji aliucheza ujanani mwake kwenye ukumbi fulani, na roho yake ikabaki hukohuko. Sasa alikuwa amesikia ziko tatu zinauzwa mjini, na alitaka kwenda kuzilinganisha.

"Na mama yangu alale juu ya kioo?"

"Mama akija tunaitoa."

"Mama anakuja Ijumaa."

"Si ndiyo nasema, mke wangu. Akija tunaitoa."

Nakwambia, hakuna kinachochoma kama mtu anayekudhulumu huku anakujibu kwa upole. Sista alivaa viatu vyake. Akasema anakwenda naye. Usifikiri ni mapenzi. Alikwenda ili kila mashine aitafutie kasoro, warudi mikono mitupu, na wakirudi awe bado ana nguvu za kugomba.

Ya kwanza ilikuwa kwenye duka la vitu vilivyotumika, katikati ya majokofu na mashine za kufulia. Ilikuwa mpya mpya, inaongea, inaimba, inawaka mpaka macho yanauma. Pima-maji akaweka pima-maji juu ya kioo, akachuchumaa, akatikisa kichwa. Mteremko umezidi, akasema, gololi itakuwa inakimbia kama inafukuzwa. Sista akasema kweli kabisa. Ya pili ilikuwa kwenye stoo ya hoteli iliyofungwa. Taa nzuri, picha nzuri, ila mbao zimevimba kwa maji na kijikono cha kushoto kinainuka kivivu. Pima-maji alikuwa na daftari, amelichora mistari: miguu, vijikono, kioo, taa, sauti, gololi. Akaandika, akafuta, akaandika tena. Sista alianza kufurahi. Mbili zimefeli, imebaki moja.

Ya tatu ilikuwa nyumbani kwa mwanamke mmoja mtu mzima, mwembamba, mwenye macho mekundu ya mtu asiyepata usingizi. Alisema ni ya marehemu kaka yake. Akawapeleka moja kwa moja hadi chumba cha kulala.

Mashine ilikuwa imesukumwa ikagusana na kitanda. Miguu yake ilikuwa imekatwa, imeshuka mpaka kimo cha godoro. Hakukuwa na shuka juu ya godoro, na katikati yake palikuwa na bonde la umbo la mtu. Pembeni mwa kabati la mashine kuna vitufe viwili, kushoto na kulia, vya kuchezeshea vijikono. Cha kushoto kilikuwa kipya. Cha kulia kilikuwa kimelika mpaka mbao. Na mle chumbani kulikuwa na harufu ambayo Sista anaijua kuliko manukato yake: harufu ya mgonjwa aliyelala muda mrefu bila kugeuzwa. Siku nyingine angeuliza. Siku hiyo alikuwa anamwangalia mumewe, ambaye povu la pima-maji yake lilikuwa limetulia palepale alipotaka, naye ametabasamu kama bwana harusi.

"Dada," Pima-maji akasema, "hii imekamilika?"

"Kila kitu kipo ila kinyundo," mwenye mashine akajibu. "Nimekitoa."

Hizi za zamani, Pima-maji akamweleza mkewe, zina kinyundo cha chuma ndani. Ukishinda mchezo wa bure kinagonga ubao wa kabati. Ngo, ngo, ngo. Mwanamke alikuwa amekwisha kutoa mfuko wa plastiki kutoka uvunguni mwa kitanda, umefungwa fundo juu ya fundo.

"Hiki hapa. Nendeni nacho, ni cha mashine. Lakini msikirudishe ndani."

"Kama hakitakiwi si ungekitupa," Sista akasema, kwa ukali, maana ndiye pekee aliyebaki wa kumkaripia.

"Nimekitupa," yule mwanamke akanong'ona. "Mara mbili."

Akatabasamu kidogo, wakadhani ni utani.

Jumapili mashine ikawa chumbani kwa mama, imeinuliwa kwa matofali manne. Jumatatu Pima-maji alihesabu gololi, akaandika daftarini: tano. Akaandika vijikono, sawa. Taa, sawa. Kisha ikabaki ile nafasi moja tupu. Sasa mtu wa namna hii, ambaye kigae kimoja kikipinda nusu ya ukucha anang'oa ukuta mzima, unamwachiaje nafasi tupu? Jumanne mchana akafungua mafundo ya ule mfuko, akafunga kinyundo mahali pake kwa skrubu mbili, akaandika: kinyundo, sawa. Akachomoa waya wa umeme, akaenda kazini.

Sista alibaki peke yake anapiga pasi sare zake. Alikuwa na zamu ya jioni. Alikuwa amempigia kaka simu, na mke wa kaka ndiye aliyepokea, akauliza, mama yenu mnakuja kumchukua lini, maana shuka zinaisha. Sista alikata simu. Pale alipokuwa anapiga pasi aliona mlango wa kile chumba, na kwenye uwazi wa mlango aliona kona ya ile mashine, imekaa mahali pa kitanda cha mama yake. Alikuwa na hasira ya kukunja bati.

Ngo, ngo, ngo.

Mama yake aliwalea kwa sheria moja: mtu akibisha, uliza kwanza ni nani. Hata kama unamtarajia. Uliza nani, usikie jina, ndipo umkaribishe. Watoto wote wanne walichapwa kwa sheria hiyo. Sista hajawahi kuisahau maisha yake yote, hata wadini wanamcheka kwayo.

Ngo, ngo, ngo.

Sauti ilitoka nyuma ya nyumba. Akajua ni mumewe, amesahau daftari, na sasa anamfanyia mzaha kwa kidude chake. Kikagonga tena. Na tena. Ndipo kikamtoka kila kitu alichokuwa amekimeza tangu Jumamosi.

"Karibu," akapiga kelele. "Pita, ingia. Kaa kabisa, usiondoke. Chumba si umeshakichukua? Basi chumba ni chako."

Kukawa kimya.

Pasi ilikuwa imeunguza kola. Akaiinua, akaitua, akaenda na hasira zake mpaka mlangoni kwa kile chumba. Hakukuwa na mtu. Waya wa umeme ulikuwa sakafuni, umechomolewa. Taa za mashine zilikuwa zimezimwa zote. Na katika chumba kipya, kilichopigwa rangi wiki mbili nyuma, ambamo hakuna mtu aliyewahi kulala, alisikia harufu ya mgonjwa ambaye hajageuzwa.

Jumatano kinyundo kiligonga saa tatu asubuhi, saa sita, saa tisa. Waya umechomolewa. Pima-maji alisikia mwenyewe, akaangusha kikombe. Akakitoa kinyundo, akakifunga mfukoni, akauweka mfuko juu ya meza ya jikoni, wote wawili wakiutazama. Kule chumbani kukagongwa. Mara tatu, taratibu, kama mtu mwenye adabu. Kinyundo kilikuwa hapo mezani mbele yao.

"Hii mashine inarudi," Sista akasema.

"Inarudi," mume akasema.

Hakupima chochote.

Alhamisi asubuhi waliirudisha kwa gari la mizigo. Yule mwanamke aliwafungulia, na Sista hakumtambua mara moja. Macho yalikuwa meupe. Uso umejaa. Ni mtu aliyelala siku mbili mfululizo. Akaipokea mashine bila ubishi, akahesabiwa gololi tano, akachukua na mfuko, akafungua mafundo kwa vidole vyake mwenyewe, akakitupa kinyundo kwenye ndoo ya taka. Wakasubiri. Kinyundo kikakaa kwenye taka kama chuma kingine chochote.

"Haina kitu tena," akasema. "Ni mashine tu." Kisha akamgeukia Sista, kwa sauti ya chini. "Nani kati yenu aliyemkaribisha?"

Sista alikumbuka pasi na ile kola iliyoungua.

"Kaka yangu alianguka kutoka kwenye paa. Kikabaki kimkono kimoja na roho. Sauti hakuwa nayo. Nikamsogezea mashine yake, acheze akiwa amelala. Akawa akinihitaji anacheza mpaka ashinde, kinyundo kigonge, niende. Maji, akacheza. Kugeuzwa, akacheza. Unajua kazi ilivyo kumwita mtu kwa namna hiyo? Mwanzoni nilikuwa nakwenda. Baadaye nikawa naitika tu. Nakuja. Nakuja. Siku ile aligonga kutwa nzima. Nilikuwa nje nakunja nguo. Jua lilipozama akaacha."

"Ulijua," Sista akasema. "Ulikaa hapo ukatuangalia, ukatuambia tusikirudishe, na ulijua."

"Niliwaambia."

"Hukusema kwa nini."

"Ningesema, mngenunua?" Yule mwanamke hakuona haya. "Hakuwa anataka mashine, dada. Alikuwa anataka mtu wa kumwambia karibu. Umemwambia. Wewe ndiye mwenyeji wake sasa."

Sista alimkamata ukosi. Ndiyo, huyo huyo anayeshika watoto wachanga, alimbana mwanamke ukutani mpaka miguu ikanyanyuka, na Pima-maji alitumia nguvu zake zote kuwatenganisha. Njia nzima ya kurudi Sista alikuwa anauma ulimi.

Getini kwao walimkuta mama. Amekaa kwenye kiti chake cha magurudumu juani, begi mapajani. Mke wa kaka hakuweza kungoja Ijumaa. Alikuwa amemshusha, akaondoka.

"Nimegonga," mama akasema, kwa ule ulimi wake mzito. "Mtu mmoja huko ndani akaniambia nisubiri."

Hawakumweka kwenye kile chumba. Pima-maji alikifunga kwa kufuli, akaegemeza makreti mlangoni. Walimpa mama chumba chao cha kulala, wenyewe wakahamia sebuleni kwenye godoro. Sista alimwogesha, akamgeuza, akampaka mafuta mgongoni, akaukunjua ule mkono uliokufa, akaulaza juu ya mto. Vidole vilikuwa baridi na vilegevu, vinakwenda popote unapovipeleka. Kwa mara ya kwanza wiki nzima alipumua.

Kukagongwa. Ukuta wa chumba cha kulala, upande wa kitandani.

Alikuwa amesema kaa kabisa. Hakusema kaa chumba kipi.

Aliamua hatajibu. Ni hasira iliyomwambia, na hasira ndiyo aliyokuwa nayo. Amechukua likizo kwa ajili ya mama yake, mgonjwa wake ni mmoja, hana kitanda cha pili. Kukagongwa asubuhi, akanyamaza. Mchana, akanyamaza. Siku tatu. Wakati mwingine mara tatu, wakati mwingine mfululizo bila pumzi. Pima-maji akawa anatoka kazini na kuzunguka mtaa badala ya kuingia. Sista aliziba masikio kwa pamba akawa anasoma midomo ya mama yake.

Siku ya nne, wakati anamlisha uji, mama akamtazama kwa muda mrefu.

"Mwanangu. Yule anayegonga, mbona humwitikii?"

"Hakuna anayegonga, mama."

"Sikukulea hivyo." Mama alimeza. "Mimi nilimwuliza ni nani. Akaniambia. Mgonjwa mwenzangu tu. Anasema anagonga ukutani husikii, pengine uko mbali. Hana chake cha kugongea. Ameniomba mkono."

Kijiko kilisimama hewani.

"Mkono upi, mama?"

"Huu uliokufa. Nikamwambia chukua tu, baba, mimi siutumii."

Mama akafumba macho. Uji ulikuwa umemshibisha, akasinzia palepale, mdomo wazi kidogo, pumzi ndefu za mtu aliyelala kweli. Sista anazijua pumzi za kujifanya na pumzi za usingizi. Hizi zilikuwa za usingizi. Aliweka bakuli chini. Alichomoa pamba masikioni. Nyumba ilikuwa kimya. Mchana kweupe, pazia limefunguliwa, redio ya jirani inasoma matokeo ya mpira.

Kisha akauangalia mkono wa kulia juu ya mto.

Ulikuwa umefumbwa. Miezi minane haujawahi kufumba. Akaushika. Ulikuwa wa moto. Alijaribu kufungua kidole kimoja, kisha kingine, kwa nguvu zote za mtu anayeinua wagonjwa watu wazima, havikufunguka. Katikati ya vidole kulikuwa na kitu kinang'aa.

Mkono ukainuka. Mama hakushtuka. Ukaenda mpaka ubao wa kitanda.

Ngo, ngo, ngo.

"Nipo," Sista akasema. Hakujua sauti imetoka wapi. "Nipo hapa. Unataka nini?"

Mkono ukatulia. Vidole vikafunguka vyenyewe, na gololi ya chuma ikadondoka kwenye shuka, ikabingirika, ikasimama kwenye goti lake. Alipotaka kunyanyuka amwite mumewe, vile vidole vikamshika kifundo cha mkono. Vikamshika vizuri, kama mtu aliyengoja sana.

Pima-maji alimpigia simu yule mwanamke siku hiyo hiyo. Akamlazimisha afungue mashine, ahesabu mbele ya simu. Gololi tano, akasema, zote zipo. Mume akachukua rula, akapima ile iliyokuwa kwenye shuka, akafungua daftari aandike, akalifunga.

Sista hajarudi kazini. Likizo iliisha, wakampigia, akasema mama yake hawezi kuachwa. Ni kweli. Akienda mbali, hata sokoni tu, akirudi anakuta ubao wa kitanda una mashimo mapya, ya duara, matatu matatu, na mama amelala fofofo na jasho limemtoka mkono mmoja. Mumewe husema ubao utabomoka. Sista bado hajamsamehe, na anapomgeuza mama yake kila saa tatu, ule mkono wa kulia humsaidia kujigeuza.